Kanumba: Kutoka maigizo ya kanisani Shinyanga hadi kucheza na mastaa wa Nigeria

Kijana anayecheza igizo la shule au la kanisani, iwe Kighare kule milima ya Upare au Same mjini, lazima kuna siku anajiuliza: mimi wa huku mkoani nitafikaje kwenye TV? Steven Kanumba naye alianzia mkoani.

Alizaliwa Januari 8, 1984 mkoani Shinyanga, mtoto wa Kisukuma. Alisoma Shule ya Msingi Bugoyi, kisha Sekondari ya Mwadui. Miaka ya 1990, akiwa bado mwanafunzi, akaanza kucheza maigizo kanisani. Huko hakuna malipo wala kamera. Kuna watu wamekaa kwenye mabenchi, ukipatia wanacheka, ukikosea wanakuangalia tu.

Baadaye akahamia Dar es Salaam kuendelea na masomo, kwanza Dar Christian Seminary halafu Jitegemee. Na Dar ndiko kulikokuwa na makundi ya sanaa yenye nafasi kwenye televisheni.

Mwaka 2002, akiwa na miaka 18, akajiunga na Kaole, kundi ambalo michezo yake ilikuwa inaoneshwa ITV. Enzi hizo TV ikiwa kwa jirani, mtaa mzima unahamia hapo. Kanumba akaonekana kwenye Jahazi, kisha Dira, na watu wakaanza kumjua kwa sura. Hapo Kaole walipita pia Vincent Kigosi, yaani Ray, na Blandina Chagula ambaye wengi wanamjua kama Johari.

Kutoka kwenye tamthilia akaingia kwenye filamu. Wakati huo muvi za Kinigeria ndizo zilizokuwa zimetawala vibanda umiza na maduka ya kanda. Wasanii wa Bongo walikuwa na njia mbili: kulalamika au kujifunza. Kanumba akaamua kucheza nao kabisa. Mwaka 2006 akatokea na Mercy Johnson kwenye Dar 2 Lagos. Baadaye akacheza na Ramsey Nouah kwenye Devil Kingdom.

Haikuwa mteremko. Mwaka 2009 alialikwa kwenye jumba la Big Brother Afrika huko Afrika Kusini, na Kiingereza chake kikawa gumzo nyumbani. Alichekwa mitaani na mitandaoni. Mtu mwingine angejificha. Yeye akaendelea kutoa kazi, na kuwafuata wasanii wa nje kama kawaida.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulisahau. Mtu huyu aliyeanza kuigiza utotoni aliwapa watoto nafasi kubwa kwenye filamu zake. Kwenye Uncle JJ na This Is It aliwaweka mbele watoto waliokuja kujulikana nchi nzima kwa majina ya Jennifer na Patrick. Hawakuwa wapita njia kwenye stori, walikuwa ndo stori yenyewe.

Usiku wa kuamkia Aprili 7, 2012, wikiendi ya Pasaka, Kanumba alifariki dunia nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Alikuwa na miaka 28. Kifo hicho kilizaa kesi iliyochukua zaidi ya miaka mitano kufikia hukumu.

Aprili 10 mwili wake uliagwa viwanja vya Leaders, Kinondoni. Inakadiriwa watu zaidi ya 30,000 walijitokeza. Wengine walizimia kwa joto na msongamano. Msiba wa msanii wa filamu ulikuwa haujawahi kujaza watu kiasi hicho hapa Bongo. Alizikwa makaburi ya Kinondoni.

Aliacha filamu zaidi ya 40. Ukihesabu tangu siku alipoingia Kaole, hiyo ni kazi ya miaka 10 tu.