Mahbub ul Haq: Mchumi aliyeuliza pato la taifa linamfikia nani

Kila mwaka msimu wa bajeti unapofika, wakulima na wafanyabiashara wadogo husikia redioni kwamba uchumi umekua kwa asilimia kadhaa. Swali linalofuata vijiweni na magengeni ni lile lile: kama uchumi umekua, mbona mfukoni hakuna kitu?

Wapo wanaodhani hilo ni swali la mtu asiyejua uchumi. Si kweli. Swali hilo lilimsumbua kwa miaka mingi mmoja wa wachumi mahiri wa karne iliyopita, Mahbub ul Haq wa Pakistan, na jibu alilolipata limebadili namna serikali nyingi zinavyopima maendeleo. Mkulima anayetaka kujua kwa nini leo bajeti hujadiliwa pamoja na umri wa kuishi na idadi ya watoto walioko shuleni, hana budi kumfahamu mtu huyu.

Haq alizaliwa mwaka 1934 kaskazini mwa Bara Hindi, wakati huo likiwa chini ya Waingereza. Alikuwa na miaka 13 tu pale nchi hiyo ilipogawanywa mwaka 1947 na Pakistan kuzaliwa. Mamilioni ya watu walihama makwao, wengi wakauawa njiani. Familia yake nayo ikawa miongoni mwa zilizoanza maisha upya Pakistan.

Kijana huyo alisoma Lahore, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ambako mwaka 1953 alifahamiana na mwanafunzi kutoka India, Amartya Sen. Urafiki wao ulidumu hadi kifo, ingawa nchi zao zilipigana vita zaidi ya mara moja. Baadaye Haq alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani.

Aliporejea nyumbani aliingia Tume ya Mipango, na katika miaka ya 1960 akawa mchumi wake mkuu. Wakati huo aliamini kama walivyoamini wengi: kuza kwanza pato la taifa, mgawanyo utafuata. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1963 alitetea hoja kwamba nchi maskini haina budi kuvumilia tofauti za kipato kwa muda, ili matajiri wapate akiba ya kuwekeza viwandani.

Kwa takwimu, mpango ulifanikiwa. Uchumi wa Pakistan ulikua kwa takriban asilimia 6 kwa mwaka, na wageni wakaisifu kama mfano wa kuigwa. Lakini Haq alipochunguza mgawanyo, alikuta mambo mengine. Mwaka 1968 alisimama hadharani akaeleza kuwa familia 22 tu zilimiliki takriban theluthi mbili ya mtaji wa viwanda na sehemu kubwa kabisa ya mabenki, huku hali ya vibarua ikizidi kuwa ngumu. Hotuba ile ilitikisa nchi, na hesabu ya familia 22 ikawa gumzo mitaani. Mwaka uliofuata Rais Ayub Khan aling'oka madarakani baada ya maandamano, na mwaka 1971 Pakistan ya Mashariki, iliyolalamika kwa miaka mingi kuwa imepunjwa, ilijitenga ikawa Bangladesh.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba Haq alikuwa anaikosoa mipango aliyoshiriki kuiandaa yeye mwenyewe. Si wataalamu wengi wanaoweza kukiri hadharani kwamba hesabu zao zilikuwa sahihi lakini zilipima kitu kisichotosha.

Mwaka 1970 alijiunga na Benki ya Dunia, akawa mkurugenzi wa sera na mipango chini ya Rais wa Benki hiyo, Robert McNamara. Hapa ndipo habari yake inapogusa Afrika Mashariki. Septemba 1973, Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa walifanya mkutano wao wa mwaka jijini Nairobi. Katika hotuba iliyobeba fikra za watu kama Haq, McNamara alikiri kuwa ukuaji wa uchumi haukuwa umewafikia maskini wa nchi zinazoendelea. Aliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 1985 uzalishaji wa wakulima wadogo uwe unakua kwa asilimia 5 kwa mwaka.

Fedha zilimiminika vijijini. Hata hivyo, tathmini za Benki yenyewe katika miaka ya 1980 zilionyesha kuwa miradi mingi ya maendeleo ya vijijini barani Afrika haikufikia malengo. Moja ya sababu zake bado tunaiona leo: mradi huhesabu magari yaliyonunuliwa, mifuko ya mbolea iliyogawiwa na ekari zilizolimwa, kisha hufungwa bila mtu kuuliza maisha ya kaya yamebadilika vipi. Mwandishi wa makala haya, katika kazi ya kukusanya takwimu vijijini, amewahi kujaza fomu yenye nafasi ya magunia, ekari na bei. Haikuwa na nafasi ya kuandika kwamba mama mwenye shamba hutumia saa nyingi kufuata maji, wala kwamba binti yake ameacha shule ili kumsaidia. Kwa fomu ile, kaya hiyo ilikuwa imeendelea kwa sababu ilipata gunia tatu zaidi.

Haq alirudi Pakistan mwaka 1982 na akawa waziri, ikiwemo wizara ya fedha. Wapo waliomlaumu kwa kufanya kazi na serikali ya kijeshi, na lawama hizo zina msingi. Huko alijionea nchi ambayo bajeti ya jeshi ilikuwa nzito kuliko ya shule na zahanati, na akajua kuwa waziri mwenye hoja nzuri lakini asiye na kipimo ni vigumu kushinda mjadala wa fedha.

Kazi iliyompa jina alianza kuifanya mwaka 1989 katika Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP. Alitaka kipimo kitakachokaa meza moja na pato la taifa. Sen, rafiki yake, mwanzoni alikataa. Aliona maisha ya binadamu ni mapana mno kubanwa katika namba moja. Haq alimjibu kwamba viongozi hawasomi majedwali marefu. Namba moja ya pato la taifa itashindwa tu na namba nyingine moja, hata kama nayo ina kasoro. Sen akakubali kumsaidia.

Ripoti ya kwanza ilitoka mwaka 1990 ikiwa na Kipimo cha Maendeleo ya Binadamu. Kinafanya kazi hivi: kinachukua mambo matatu, yaani watu wanaishi miaka mingapi, wamepata elimu kiasi gani, na kipato chao kinaweza kununua nini. Kila jambo hupewa alama kati ya 0 na 1, kisha hupatikana wastani. Kwa upande wa kipato, kadiri mtu anavyozidi kuwa tajiri ndivyo nyongeza inavyopungua uzito. Shilingi elfu kumi kwa anayekosa unga si sawa na shilingi elfu kumi kwa mwenye maghorofa.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Sri Lanka, yenye kipato cha dola 400 kwa mtu kwa mwaka, ilikuwa na wastani wa kuishi wa miaka 71 na asilimia 87 ya watu wazima walijua kusoma. Brazil, yenye dola 2,020, ilikuwa na miaka 65 na asilimia 78. Saudi Arabia, yenye dola 6,200, ilikuwa na miaka 64 na asilimia 55. Ikaonekana wazi kuwa fedha ni lazima, lakini uamuzi wa kuzitumia ndio unaotofautisha nchi na nchi.

Serikali zilizojikuta chini zililalamika, lakini ripoti iliendelea kutoka. Brazil ilipima hadi ngazi ya manispaa na kutumia matokeo kuchagua maeneo ya kupewa miradi kwanza.

Hapa Tanzania, uchumi ulikua kwa takriban asilimia 7 kwa mwaka katika miaka mingi ya 2000. Lakini utafiti wa mapato na matumizi ya kaya ulionyesha umaskini umepungua kutoka asilimia 35.7 mwaka 2000/01 hadi 33.6 tu mwaka 2007. Yule aliyeuliza mbona mfukoni hakuna kitu alikuwa na takwimu upande wake.

Kipimo cha Haq kina mapungufu. Wastani wa taifa huficha tofauti kati ya wilaya na wilaya, na kati ya mwenye nyumba na mkewe. Ndiyo maana mwaka 2010 UNDP iliongeza vipimo vinavyoangalia pengo la usawa na aina mbalimbali za ufukara.

Haq alifariki New York akiwa na miaka 64, miezi michache kabla ya Sen kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Kwa mkulima na mchuuzi, somo lake ni la vitendo. Kinachohesabiwa ndicho hupangiwa fedha. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Taarifa ya mavuno ikisomwa hapo, omba pia isomwe idadi ya watoto walioacha shule, siku ambazo zahanati ilikaa bila dawa, na kaya zinazofuata maji mbali. Kisha omba namba hizo ziandikwe kwenye muhtasari, ili mkutano ujao zilinganishwe.