Carey Francis, Mwalimu wa Hesabu Aliyeiacha Cambridge

Mhariri wa jarida letu alipopita madarasani muhula wa kwanza akitafuta watu wa kuandika maisha ya mashujaa, wenzangu walimrukia Mekatilili wa Menza, Shaaban Robert na Mwangeka wetu wa hapa Taita. Mimi nilinyamaza. Jioni nikamfuata bwenini nikamwambia ninaye mtu wangu, Mzungu mmoja wa hesabu aliyefariki mwaka 1966. Alicheka mpaka akakaa chini. Ati Chama cha Kiswahili na hesabu wapi na wapi! Lakini nafasi alinipa, na ndiyo hii.

Niseme kwanza kilichonipeleka huko. Mwaka huu niko kidato cha nne, na fomu ya kuchagua vyuo vikuu imelala ndani ya kamusi yangu kwa wiki tatu sasa. Kozi naijua tangu kidato cha pili: nataka shahada ya hesabu. Chuo ndicho kinachoninyima usingizi. Mama anataka niende Chuo Kikuu cha Taita Taveta, hapo hapo barabara ya Voi kuelekea Mwatate, nirudi nyumbani kila jioni, maana chumba cha kukodi mjini si mchezo. Mjomba anaishi Nairobi, na kwake yeye chuo ni Nairobi tu, vingine vyote ni majina. Baba hasemi lolote juu ya chuo. Yeye anauliza swali lile lile kila tukila chakula cha jioni: mtu aliyesomea hesabu huajiriwa na nani?

Basi siku moja babu, ambaye alisoma Mbale miaka ya hamsini, alinisikia nikinung'unika. Akaniambia nikatafute habari za Carey Francis kwanza, ndipo nirudi kwake nikalie vyuo. Nikaenda.

Edward Carey Francis alizaliwa London mwaka 1897, akasoma katika shule ya William Ellis mjini humo. Vita Kuu ya Kwanza ilimchukua angali kijana wa umri wetu au kuzidi kidogo. Alikuwa ofisa katika jeshi la mizinga huko Ufaransa. Nilipofika hapo nilisimama kidogo, kwa sababu miaka hiyo hiyo vita vile vile vilikuwa vikipiganwa mlangoni petu. Wajerumani waliiteka Taveta mwaka 1914, Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kwenda Maktau mwaka 1915 ili kupeleka askari na maji, na Februari 1916 watu wengi wakafa pale kilima cha Salaita. Makaburi yao tunayo Voi, Maktau na Taveta. Na mzinga, bwana, ni hesabu tupu. Umbali, pembe, upepo, uzito wa risasi. Ukikosea pembe kidogo unawaua wenzako. Mwalimu wetu angetufundisha trigonometria kwa mfano huo nadhani hata wale wa kiti cha nyuma wangeamka.

Vita vilipokwisha Francis alisoma Cambridge, katika chuo cha Trinity. Hapa lazima nieleze, kwa sababu hata mimi nilikuwa sielewi. Cambridge ni chuo kikuu kimoja chenye vyuo vingi ndani yake, na kila chuo kina wanafunzi wake, jiko lake na walimu wake. Mhadhara mnaweza kuhudhuria wengi, lakini kila wiki mwanafunzi anakaa chumbani na mwalimu, yeye peke yake au na mwenzake mmoja, na yale maswali aliyoyafanya yanapitiwa mstari kwa mstari. Hakuna pa kujificha. Ukiwa umenakili kwa rafiki, dakika tano tu zinatosha kukuumbua.

Kwa kijana wa Kiingereza aliyetaka hesabu siku zile, Trinity ilikuwa kama Makka. Newton alikuwa wa hapo. Ramanujan, karani maskini wa bandari ya Madras aliyekuwa akigundua fomula bila kuwa na shahada, aliletwa hapo mwaka 1914, akaondoka mwaka 1919, na mwaka uliofuata akafariki akiwa na umri wa miaka 32 tu. Mtihani wa hesabu wa Cambridge huitwa Tripos. Mpaka mwaka 1909 majina ya waliofaulu yalitangazwa kwa mpangilio, wa kwanza hadi wa mwisho, na yule wa kwanza alikuwa maarufu nchi nzima, kama sisi tulivyozoea kumtafuta gazetini aliyeongoza KCSE. Kisha wakaona mashindano yale yanawafanya vijana wakariri mbinu za mtihani na kusahau hesabu yenyewe, wakaacha kuwapanga. Francis alifanya mtihani baada ya mabadiliko hayo, akapata daraja la kwanza.

Mwaka 1922 chuo cha Peterhouse, kilicho kikongwe kuliko vyote Cambridge (kilianzishwa mwaka 1284!), kilimchukua awe mwalimu wake wa hesabu. Kwa hiyo sasa yeye ndiye aliyekaa kitini akiwapitia wengine maswali. Mwaka huo huo wa 1922, huku kwetu Afrika Mashariki, Makerere ilifunguliwa kama shule ya ufundi, na wanafunzi 14 wakaanza kujifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Weka picha hizo mbili pamoja uone umbali uliokuwapo.

Francis alikaa Peterhouse miaka sita. Alikuwa na cheo, chumba kizuri, chakula cha kuandaliwa na kazi ya kudumu. Yaani kila kitu ambacho mjomba wangu anamaanisha anapotamka neno maisha. Mwaka 1928, akiwa na miaka 31, aliacha vyote, akajiunga na wamisionari wa CMS, akaja Maseno kuwa mkuu wa shule. Maseno wakati ule haikuwa ile tunayoisoma kwenye orodha za matokeo. Ilikuwa shule ya misheni iliyoanzishwa mwaka 1906, na wavulana wengi walikuwa bado wanahangaika na sehemu na desimali. Mtu aliyekuwa akifundisha kalkulasi huko Cambridge akashika chaki aanze na robo na nusu.

Nilimwambia babu kwamba mimi naona huo ni wazimu. Babu hakunijibu, alinitazama tu kama mtu anayesubiri chai ichemke.

Nikaendelea kusoma, nikaona kumbe hakuiacha hesabu hata siku moja. Aliifundisha mwenyewe, ingawa alikuwa mkuu wa shule mwenye mambo mia ya kusimamia. Aliandika vitabu vya hesabu vya shule za msingi za Kiafrika, vikatumika miaka na miaka, na watu wazima wengi wa Kenya walijifunza kuzidisha na kugawanya humo bila kujua kwamba mwandishi alikuwa mwanahisabati wa Peterhouse. Na ule mtindo wa Cambridge wa kupitia kazi ya mwanafunzi mstari kwa mstari alikuja nao. Miongoni mwa waliopitia Maseno wakati wake ni Oginga Odinga, aliyekuja kuwa Makamu wa kwanza wa Rais wa Kenya.

Mwaka 1940 alihamia Alliance, kule Kikuyu, akawa mkuu wa shule hiyo kwa miaka 22. Hapo ndipo jina lake lilipokuwa kubwa. Alionekana akitembea kwa kaptura na soksi ndefu, hakuoa, na shule ndiyo ilikuwa nyumba yake. Vijana wake walifaulu mtihani wa Cambridge vizuri kiasi kwamba wakubwa wa serikali ya mkoloni waliosema Mwafrika hawezi hesabu walilazimika kutafuta neno jingine la kusema.

Sitaki mnifikirie kwamba namsifu kama malaika. Alikuwa mkali kupita kiasi, na kiboko alikitumia. Aliamini Waingereza wangekuwa na haki ya kuongoza nchi hii kwa muda mrefu bado, na siasa za wanafunzi wake zilimkera. Maumau aliwapinga. Lakini Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952 na askari wa serikali wakaanza kuwapiga na kuwatesa watu ovyo, hakukaa kimya. Aliwaandikia wakubwa kulalamika, jambo ambalo Wazungu wengi wa wakati huo hawakuthubutu. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma Alliance kuanzia 1955 hadi 1958 wakati ndugu yake yuko msituni, ameandika kitabu kizima juu ya miaka hiyo. Yeye anamwona Francis pande zote mbili, na mimi nakubaliana naye. Mtu anaweza kuwa mwalimu wako bora na bado akawa amekosea kuhusu nchi yako.

Sasa tuje kwenye vyuo, maana ndiko ninakoumia. Kijana wa Alliance wa miaka ya arobaini hakuwa na fomu ya kuweka ndani ya kamusi. Akimaliza kidato cha nne na akifaulu, njia ilikuwa moja: treni hadi Kampala, Makerere. Kuanzia mwisho wa miaka ya arobaini Makerere ilifungamana na Chuo Kikuu cha London, na mwanafunzi akawa anapewa shahada ya London akiwa juu ya kilima cha Uganda. Nairobi ilipata Royal Technical College mwaka 1956, ikaja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Vingine vilifuata, Moi 1984, Kenyatta 1985, Egerton 1987, Maseno ikapata uhuru wake mwaka 2001, na hiki chetu cha Taita Taveta kikapewa hati yake mwaka 2016. Babu anasema sisi tunalia kwa kushiba.

Na hapa ndipo nilipogundua kwa nini babu alinituma. Miongoni mwa wavulana waliosoma Alliance chini ya Francis alikuwapo Ronald Ngala kutoka Giriama. Alikwenda Makerere kusomea ualimu, akarudi Pwani akafundisha, na mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kabla hajawa mwanasiasa mkubwa tunayemsoma kwenye historia, alikuwa mwalimu mkuu huko Mbale, juu milimani kwetu. Hebu fuateni hiyo njia: kutoka chumba kimoja cha Peterhouse hadi Kikuyu, kutoka Kikuyu hadi Mbale, na Mbale ndiko babu alikoanza kushika kalamu. Babu ndiye aliyenifundisha kugawanya kwa njia ndefu kabla sijaenda shule, kwa kuchora mchangani na kijiti, na nikiruka mstari alikuwa akifuta yote nianze upya. Nilidhani ni ukorofi wake tu.

Mwaka 1962 Francis alistaafu. Wengi walitarajia arudi Uingereza akapumzike. Alihamia Nairobi mtaa wa Pumwani, akawa mwalimu wa kawaida katika shule ya sekondari ya huko, akifundisha watoto wa mitaa ya Eastlands ambao hawakupata nafasi Alliance. Mtu aliyekuwa mkuu wa shule kwa zaidi ya miaka 30 akakubali kupewa ratiba na mwingine! Aliendelea hivyo mpaka alipofariki Julai 1966. Jeneza lake lilibebwa na wanafunzi wake wa zamani waliokuwa wameshika vyeo vikubwa katika serikali ya Kenya huru, wakiwemo wale aliowakataza siasa.

Baada ya kusoma hayo niliitoa ile fomu. Nilikuwa nikiuliza chuo gani kina jina. Nikaanza kuuliza nani atakayepitia kazi yangu mstari kwa mstari. Jumamosi mbili nilitembea kwa wanafunzi wa vyuo waliorudi likizo hapa Voi, nikawauliza darasa la hesabu lina watu wangapi, mazoezi husahihishwa au hutupwa, na je, mwanafunzi akikwama ana mlango wa kubisha? Wengine walinicheka, wengine walikaa wakanieleza mpaka jua likazama nyuma ya milima. Nikagundua pia kwamba swali la baba lina jibu. Nitaajiriwa kufundisha, na sioni aibu kulisema mbele ya darasa la wanasheria na madaktari watarajiwa.

Chaguo langu la kwanza nimeandika Maseno, ambako hesabu ina kitivo chake chenyewe. La pili ni Taita Taveta. Mjomba amekasirika, ameacha kupokea simu. Nilimweleza mama jikoni akiwa anachambua mchicha. Alikaa kimya muda mrefu, akahesabu kwa vidole nauli ya treni mpaka Nairobi na ya basi kutoka hapo, kwenda na kurudi, mara tatu kwa mwaka. Kisha akaniuliza kama huko Maseno usiku kuna baridi, maana blanketi lililopo nyumbani ni moja zito, na ni la babu.