Historia: Munganga Franklin Mann, aliyeharibu risasi kusudi ajue kwa nini zinakosa shabaha

Munganga Franklin Mann, Mmarekani aliyefariki mwaka 1916, alitumia miaka mingi na feza nyingi kufyatulia risasi karatasi. Kati ya wapenzi wa mchezo wa kulenga shabaha, jina lake lingali linatajwa.

Alizaliwa kunako mwaka 1856 huko Norfolk, katika jimbo la Massachusetts. Alisoma kwenye Chuo Kikuu cha Cornell, kisha akasomea uganga mjini Boston. Lakini utajiri wake haukutoka kwa wagonjwa. Ulitoka kwa kuku: alibuni mashine ya kukata mifupa mibichi vipande vidogo vya kulisha kuku, na akawa na kiwanda mjini Milford. Mashine hiyo ndiyo iliyolipia baruti yake.

Swali lake lilikuwa moja tu. Bunduki nzuri, iliyofungwa isitikisike, yenye baruti ya kipimo kilekile na risasi za kalibu moja, mbona haipigi tundu lilelile kila mara? Wapiga shabaha wa wakati ule walikuwa na majibu mengi: upepo, mkono, jicho, mtutu mbovu. Mann hakukubali jibu ambalo halijapimwa.

Kwanza aliondoa mkono wa mtu. Mtutu aliuvisha pete za chuma, akaulaza ndani ya chuma kizito chenye umbo la V, juu ya msingi mkubwa wa simenti. Baadhi ya mitutu yake ilitoka kwa Harry Pope, fundi aliyesifika sana Marekani. Njiani mwa risasi alipanga karatasi nyembamba, moja nyuma ya ingine. Tundu la mviringo lilionyesha kwamba risasi inakwenda sawa. Tundu refu, kwamba inayumba.

Kisha akaanza kuharibu. Alikata na kuponda ncha za risasi, na kwa mshangao zilipiga karibu palepale. Lakini alipogusa kitako, hata kwa kukikwangua kidogo upande mmoja, zilipotea mbali. Kumbe watu walikuwa wanachunga sehemu isiyofaa! Zingine akazitoboa ubavuni ili upande mmoja uwe mwepesi, akaziingiza mtutuni tundu likitazama juu, chini, kulia au kushoto. Kila kundi likaenda upande wake. Ndani ya mtutu, risasi inalazimishwa kuzunguka katikati ya mtutu. Inapotoka tu, ule upande mzito unaivuta kando, sawa na jiwe linaloachiwa na teo. Kosa lilikuwa ndani ya risasi yenyewe, kabla upepo haujaigusa.

Mwaka 1909 alitoa kitabu kikubwa juu ya safari ya risasi kutoka baruti hadi shabaha. Si kitabu rahisi kusoma. Ndani yake kuna picha, vipimo, na majaribio mengi yaliyoshindwa, ambayo mtu mwingine angeyaficha. Yeye aliyaandika yote, na kwa sababu hiyo wengine waliomfuata hawakulazimika kuyarudilia.

Hata leo, mitutu mizito inayofungwa juu ya chuma kwa ajili ya kupima kartushi, kati ya jeshi la Marekani na viwandani, inaitwa kwa jina lake.