DENNIS RITCHIE: MAREHEMU ALIYE NDANI YA SIMU YAKO

Wadau, hapa Chunya ukitamka leseni kila mtu anawaza dhahabu. Mwenye leseni anapata mgawo wake wa mifuko hata kama sururu hajaishika. Leo nataka kumwelezea marehemu mmoja ambaye kazi yake ilienea duniani kwa sababu ya leseni ya aina nyingine kabisa, na iko mfukoni mwako sasa hivi, uwe Makongolosi au Matundasi.

Dennis Ritchie alizaliwa tarehe 9 Septemba 1941 huko Bronxville, New York. Baba yake alikuwa mwanasayansi wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya AT&T, na mwaka 1967 kijana naye akaingia palepale. Tasnifu yake ya udaktari pale Harvard aliimaliza 1968, ila hakupeleka nakala iliyojalidiwa maktaba, basi shahada hakupewa. Mambo hayo!

1969 yeye na Ken Thompson wakaanza Unix, yaani mfumo endeshi, ile programu mama inayoziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Baadaye Ritchie akatengeneza lugha ya C, na 1973 Unix ikaandikwa upya kwa C. Utamu uko hapo: zamani ukibadilisha mashine, mfumo ulikuwa unauandika karibu upya. Sasa ukawa unahamishika.

Tuje kwenye leseni. Mwaka 1956 AT&T ilikubaliana na serikali ya Marekani ibaki kwenye biashara ya simu tu, kwa hiyo isingeweza kuifanya Unix biashara. Ikawa inawapa vyuo vikuu kwa ada ndogo, pamoja na msimbo wake wote. Vijana wa Berkeley, California, wakaifumua na kuongeza vya kwao. 1984 AT&T ikavunjwa, kizuizi kikaondoka, bei ya leseni ikapaa. Lakini jamaa walishaonja!

Berkeley wakatoa toleo lao kwa leseni legevu: chukua, uza, ukitaka funga, ila jina letu liache. Richard Stallman akaja na leseni kali ya GPL mwaka 1989: ukimuuzia mtu programu, akitaka msimbo mpe. Linus Torvalds akaandika Linux 1991 kwa kufuata mtindo wa Unix, mwaka uliofuata akaiweka chini ya GPL. Apple ikachota kwa Berkeley, ndiyo iPhone hiyo. Android ikachukua Linux, ndiyo Tecno, itel na Samsung zetu, na hata runinga za kisasa kibao.

Steve Jobs alifariki 5 Oktoba 2011, dunia ikalia. Wiki moja baadaye Ritchie akakutwa amefariki nyumbani kwake New Jersey, alikokuwa akiishi peke yake, akiwa na miaka 70. Tuzo ya Turing aliipata 1983, lakini wangapi walimjua? Habari ikapita kimyakimya.

Kinachonikera mimi ni hiki. Simu yangu ya Android, kampuni siitaji, kioo kizima, betri nzima, ila apdeti zilikatika zamani na programu ya benki imegoma. Fundi wetu hapa mjini anajua sana kuflashi, lakini kufuli la kiwandani halifunguki. Nilidhani GPL itanitetea. Kumbe inagusa kile kiini cha Linux tu. Sehemu kubwa ya Android juu yake iko chini ya leseni ya Apache, ambayo haimlazimishi mtengenezaji kutoa msimbo wa alichobadilisha. Na toleo la GPL linalotumika kwenye Linux ni lile la pili, la 1991, ambalo kuhusu makufuli ya namna hii halisemi kitu waziwazi.

Kama kuna mdau anamjua fundi wa Mbeya mjini anayeyaweza haya makufuli, atupie neno. Nawasilisha.