Paul Poiret, mshonaji aliyeingiza marashi katika duka la nguo

Ukinunua marashi ya mwanaume, hata ile chupa ndogo ya sokoni, soma jina lililoandikwa juu yake. Mara mingi ni jina la mtu wa nguo: Dior, Givenchy, Armani. Hao hawakuanza na maua wala alkoli, walianza na makasi na sindano. Wasapeur wa huku kwetu wanajua tangu zamani kwamba kostimu na harufu vinatembea pamoja. Lakini aliyefungua hiyo njia, wachache tu njo wanamjua. Ni Mfaransa Paul Poiret, na alipokufa hakuwa hata na haki ya kufanya biashara kwa jina lake mwenyewe.

Alizaliwa Paris tarehe 20 Aprili 1879. Baba yake alikuwa anauza vitambaa kule Les Halles, penye soko kubwa la mji. Mzee akamuweka kwa mtengenezaji wa miavuli ajifunze kazi, na kijana hakuipenda hata kidogo. Alikuwa anaokota vipande vya hariri vilivyobaki kwenye miavuli, kisha usiku anamshonea nguo mwanasesere wa mbao ambaye dada zake walimpa. Alikuwa pia anachora. Siku moja Madeleine Chéruit, mama mwenye jina katika mambo ya mitindo, akamnunulia michoro 12. Halafu akapata kazi kwa mshonaji mkubwa Jacques Doucet, ambako joho lake la kwanza, la kitambaa chekundu, lilipata wanunuzi 400.

Mwaka wa 1901 akaingia nyumba ya Worth, iliyokuwa inavalisha malkia na wake za matajiri. Gaston Worth alimwambia wazi kazi anayomtaka: nyumba yao ni sawa restora inayopika paka vyakula vya bei kali, sasa inahitaji mtu wa kukaanga viazi. Maana yake, ashone nguo rahisi za kila siku. Poiret akakaanga viazi, lakini mtindo wake haukupendeza wateja wazito. Mwaka wa 1903 mama yake akamkopesha franka 50 000, akafungua duka lake mwenyewe.

Hapo njo jina likatoka. Wanawake wa Ulaya wakati ule walikuwa wanavaa korse, lile vazi gumu la kubana kiuno na kifua mpaka kupumua kunakuwa shida. Poiret akashona magauni yanayoning'inia kutoka mabegani, bila korse. Mfano wake ulikuwa mke wake, Denise Boulet, mwembamba, waliyeoana mwaka wa 1905. Tuseme ukweli lakini: huyo huyo aliyefungua kiuno ndiye aliyetoa sketi ya kubana miguuni, mwanamke akawa anatembea kwa hatua fupi fupi sawa amefungwa kamba.

Tufike kwenye marashi. Mwaka wa 1911 Poiret alianzisha nyumba ya marashi. Wenye kutengeneza marashi walikuwepo tangu zamani, lakini mshonaji mkubwa wa mitindo kuwa na nyumba yake ya marashi, hiyo ilikuwa mpya. Fikiria hesabu yake: gauni moja linaingia mwili mmoja, na mafundi wanalishughulikia siku mingi. Marashi, ukishapata mchanganyiko mzuri, unajaza chupa mia, unajaza elfu, na yule asiye na pesa ya gauni anaweza kununua chupa. Poiret hakuridhika na kuagiza kwa wengine. Alikuwa na wakemia wake, kama Henri Alméras, na chupa na maboksi vilikuwa vinapambwa katika karakana yake iliyoitwa Martine, kwa jina la binti yake wa pili.

Marashi yenyewe aliyaita Les Parfums de Rosine, kwa jina la binti yake wa kwanza. Ni upendo wa baba, hakuna wa kumlaumu. Lakini katika biashara, mimi naona hapo njo alipoteza. Mteja aliyekuwa anamsifu Poiret dukani, akifika nyumbani anasoma Rosine kwenye chupa. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1921, Gabrielle Chanel akaweka jina lake mwenyewe juu ya N° 5, na dunia yote ikalijua. Kule Vienna, Knize, nyumba ya kushona kostimu za wanaume, nayo ikatoa marashi ya mwanaume kwa jina lake miaka hiyo ya 1920, Knize Ten, yenye harufu ya ngozi. Inauzwa mpaka leo.

Vita ya 1914 ilipoanza, Poiret akaitwa jeshini, akapewa kazi ya kushona makoti ya askari. Aliporudi, wanawake walikuwa wanataka nguo nyepesi za kazi, zile za akina Chanel, na yeye alikuwa bado na mambo ya sherehe na manyoya. Rosine mwenyewe alikufa angali mdogo. Mwaka wa 1925, kwa maonyesho makubwa ya Paris, Poiret alipamba mashua tatu kubwa kwenye mto Seine, kwa pesa yake. Zilimmaliza. Wenye mtaji walikuwa wameshashika nyumba yake pamoja na jina lake. Denise akaachana naye mwaka wa 1928, na mwaka wa 1929 duka likafungwa, nguo zilizobaki zikauzwa kwa kilo kama matambara.

Miaka yake ya mwisho alikuwa anachora picha na kuziuza kwenye mikahawa. Alikufa mwezi wa Aprili 1944, Paris ikiwa bado mikononi mwa Wajerumani.

Denise alikuwa ametunza magauni yake. Mengi yakaonyeshwa mwaka wa 2007 katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Jina la Rosine lilifufuliwa na watu wengine mwaka wa 1991, nao wanatengeneza marashi ya waridi, hata ya wanaume. Na jina la Poiret lilinunuliwa mwaka wa 2015 na kampuni ya Korea ya Kusini.