Mwalimu Nyerere na Kazi za Baada ya Masomo

Maisha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere yameandikwa sana kwa upande wa siasa. Katika makala haya tunakusudia kumtazama kwa upande wa ualimu, na hasa kuzitazama zile saa zinazofuata kengele ya mwisho ya darasani. Saa hizo ni nyingi, na katika shule zetu nyingi za serikali, hasa za mijini, hupita bila faida.

Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, na mwaka 1937 akaingia shule ya serikali ya Tabora. Huko hakuwa mpenzi wa michezo. Hata hivyo, baada ya kusoma kitabu cha skauti, alisaidia kuanzisha kikosi cha skauti shuleni, na alikuwa akitafuta maarifa katika maktaba ili ayatumie katika midahalo. Tunaona basi kwamba sehemu kubwa ya malezi yake ilifanyika nje ya ratiba ya masomo, katika kazi alizojichagulia mwenyewe.

Baada ya masomo ya Makerere, kuanzia mwaka 1943, alirudi Tabora kufundisha katika shule ya St. Mary's. Vipindi vilipokwisha hakufunga kazi. Aliwafundisha watu wazima wa mji ule Kiingereza bila malipo. Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh, na aliporejea mwaka 1952 alikaa Butiama miezi kadhaa akijenga nyumba ya matofali ya udongo kwa mikono yake, ingawa alikuwa na shahada ya chuo kikuu. Kisha akafundisha Pugu hadi mwaka 1955, alipojiuzulu ili aitumikie TANU.

Mwezi Machi 1967, akiwa Rais, alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na iwe jumuiya inayojitegemea. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba hakukusudia jembe peke yake. Alitaka kazi ile iwe sehemu ya mafunzo: wanafunzi washiriki kuipanga, waweke hesabu zake, na wawe na sauti katika kuamua matumizi ya mapato.

Shule nyingi zilishika jembe zikaacha fikra. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na madarasa yakajaa kuliko walimu waliokuwapo. Mahali pengi shamba la shule likawa adhabu ya mchelewaji, au njia ya kumlimia mwalimu. Mtoto alipalilia mahindi asijue yaliuzwa kwa bei gani wala fedha zilikwenda wapi. Wazazi walipolalamika kwamba watoto wao wanatumikishwa, hawakuwa wakosefu.

Sisi tulioko Vudee, katika milima ya Upare wilayani Same, tunao mfano ulio karibu. Wazee wetu walichimba ndiva, mabwawa yanayokusanya maji usiku ili yafunguliwe mashambani mchana. Ndiva na mifereji yake husafishwa kwa msaragambo. Anayetoka kwenda msaragambo anajua kwa nini anatoa tope: asipofanya hivyo, maji hayatafika shambani kwake. Zamu ya maji inajulikana, na mgawanyo wake unaonekana na wote. Mtoto huyohuyo, akipelekwa shamba la shule jioni, huenda asielezwe lolote. Tofauti haiko katika uzito wa kazi, bali katika kuyaona matunda yake.

Hatuna budi, basi, kuipima kila shughuli ya jioni kwa maswali matatu. Je, inahusiana na somo lililofundishwa? Je, wanafunzi wameshiriki kuipanga? Je, mapato au matokeo yake yanabandikwa ubaoni wayasome? Vipimo hivi vinafaa hata Dar es Salaam, ambako shule nyingi hazina hata robo eka ya kulima. Kutengeneza madawati mabovu na kuandika gharama yake ni hesabu. Kutunza maktaba ndogo ni lugha. Mdahalo hauhitaji ardhi, na mafunzo ya Tabora yalihitaji mwalimu aliye tayari kubaki.

Nyerere alifariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Kati ya vyeo vyote alivyopata, watu walimwita kwa kile cha Mwalimu. Nasi wenye cheo hicho tunaweza kuanza kwa kumweleza mwanafunzi, kabla hajashika jembe au nyundo, kazi hiyo ni ya nini na ni ya nani.