Dkt Arthur: Mmishonari aliyekuwa pia mshauri wa gavana

MKAZI wa Gitothua, mjini Ruiru, husali leo katika kanisa alipendalo, au asisali kabisa, na mwanawe akabaki na haki ya kusoma katika shule ya umma. Mwaka 1929 mambo hayakuwa hivyo Kiambu, na jina linalofungamana na masaibu ya wakati huo ni la Dkt John William Arthur.

Alizaliwa Scotland mwaka 1881, akafika Kikuyu mwaka 1907 akiwa daktari wa misheni ya Kanisa la Scotland. Baadaye alitawazwa kuwa kasisi na kuiongoza misheni hiyo. Alitibu wagonjwa, akaeneza elimu, na alikuwa miongoni mwa waasisi wa Shule ya Upili ya Alliance, iliyofunguliwa mwaka 1926.

Hata hivyo, hakutosheka na mimbari. Mwaka 1924 aliteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria kuwawakilisha Waafrika, ambao hawakumchagua. Mwaka 1928 akaingia katika baraza la washauri wa gavana. Shule za misheni nazo zilipokea ruzuku ya serikali, hivyo raia hakuona tena mpaka kati ya msalaba na bendera.

Mwaka 1929 misheni yake iliwataka waumini watie sahihi au alama ya kidole gumba kuikana tohara ya wanawake na chama cha KCA. Waliokataa walitengwa, na watoto wao wakafungiwa milango ya shule. Wamishonari wa Kambui, si mbali na Gitothua, nao waliipinga tohara hiyo. Waumini wengi waliyahama makanisa, wakaanzisha yao pamoja na shule huru. Arthur alijiuzulu barazani mwaka huo huo.

Alistaafu mwaka 1937 na kufariki mwaka 1952, mwaka ambao serikali ya kikoloni ilianza kuzifunga shule hizo huru.

Akiwa daktari, hakukosea kuhusu madhara ya tohara ile. Bunge liliipiga marufuku mwaka 2011. Kosa lilikuwa kuifanya siasa sharti la ushirika na ubatizo kuwa tiketi ya darasa. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 8, inasema Kenya haina dini ya taifa. Mshika mawili, moja humponyoka. Arthur alishika Biblia na mamlaka, na waumini ndio waliomponyoka.